Visa Isiyomtambua Mfanyakazi: Mayaya wa Kifilipino Barani Ulaya

Tarehe 15 Machi 2024 Norwei iliacha kupokea maombi ya visa ya au pair, yaani kijana anayeishi na familia ugenini na kuisaidia kazi za nyumbani, kutoka kwa vijana wa nje ya Ulaya. Uamuzi wenyewe haukutaja taifa lolote, lakini kila aliyeufuatilia alijua unamgusa nani. Kwa miaka mingi wasichana wa Kifilipino ndio waliokuwa wengi kuliko wote katika mpango huo. Serikali ya Oslo ilieleza kwamba mpango uliokusudiwa kubadilishana utamaduni umegeuka njia ya kupata vibarua wa majumbani kwa bei nafuu. Maelezo hayo ni ya kweli. Mhadhara huu unahoji dawa iliyochaguliwa.

Asili ya visa hii ni mkataba uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1969. Waliouandika walimfikiria kijana wa Ulaya, mwenye umri wa miaka 17 hadi 30, anayevuka mpaka kwenda kujifunza lugha ya jirani. Angekaa na familia, asaidie kazi za nyumbani kwa muda usiozidi saa 5 kwa siku, apewe chumba, chakula na fedha kidogo za matumizi, kisha arudi kwao kabla ya miaka 2 kwisha. Hawakumfikiria binti kutoka Iloilo, Ufilipino, mwenye shahada ya ualimu, ambaye wazazi wake wanasubiri fedha za kulipia karo ya wadogo zake.

Nchi zilijitungia masharti yao juu ya msingi huo. Denmaki huwapokea wa miaka 18 hadi 29, kwa saa 18 hadi 30 za kazi kwa wiki, na huwaruhusu kukaa hadi miaka 2. Uholanzi hutoa mwaka 1 tu, Ubelgiji haizidishi saa 20 kwa wiki, na Ujerumani humtaka mwombaji awe na umri chini ya miaka 27 na ajue Kijerumani cha ngazi ya A1. Norwei, kabla ya kufunga, ilidai familia ilipe krona 5,900 kwa mwezi kabla ya kodi, na ilipie pia kozi ya Kinorwei. Binti mwerevu aliyeisoma ramani hii aliweza kumaliza miaka 2 Copenhagen, akaomba Oslo miaka 2 mingine, kisha akajaribu Uholanzi kabla umri haujamtupa mkono. Wengine walianzia mbali zaidi, wakiwa watumishi wa ndani Singapore au Hong Kong, na kwao saa 30 za Denmaki zilikuwa nafuu kubwa. Wanaharakati wa Ulaya husahau jambo hili mara kwa mara.

Tatizo ni kwamba saa 30 hizo hazina wa kuzihesabu. Mtoto akilia saa 3 usiku, je, anayemwinua yuko kazini, au ni ndugu wa nyumba anayesaidia? Chumba cha binti kimo ndani ya nyumba ya anayemlipa, na kibali chake kimefungwa kwa familia hiyo. Wakikosana, hupoteza kwa siku moja malazi, kipato na msingi wa ukaazi wake, na hata pale sheria inapomruhusu kutafuta familia nyingine, ni lazima aipate upesi. Mtafiti Cecilie Øien aliuchunguza mpango wa Norwei kwa niaba ya taasisi ya Fafo, na ripoti yake ya mwaka 2009 ilionyesha wazi pengo kati ya utamaduni ulioandikwa kwenye karatasi na kazi inayofanyika jikoni. Baadaye serikali iliweka adhabu ya kuzizuia familia zilizokiuka masharti zisipokee mwingine kwa muda. Adhabu hiyo, hata hivyo, ilimhitaji mlalamikaji, na wa kulalamika ndiye aliyelala kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mshtakiwa.

Sharti gumu kuliko yote halihusu saa wala fedha. Denmaki na Norwei zilitaka mwombaji asiwe na mtoto. Watafiti wameeleza tena na tena habari za akina mama wa Kifilipino walioficha watoto wao kwenye fomu, wakawaacha kwa bibi zao kijijini, wakaenda kuwavisha viatu watoto wa wengine. Mama wa namna hiyo hawezi kumtaja mwanawe mezani, na simu ya nyumbani huipiga mlango ukiwa umefungwa. Mtu akitaka kujua kama huyu ni mgeni wa utamaduni au mfanyakazi, atazame kwanza ni nani anayelazimika kusema uongo wa namna hii ili apate nafasi.

Manila nayo ilishawahi kufunga mlango. Mwaka 1998 serikali ya Ufilipino ilipiga marufuku vijana wake kwenda Ulaya kama au pair, baada ya taarifa za unyanyasaji. Balozi za Ulaya ziliendelea kutoa visa, na wasichana waliendelea kuondoka, tofauti ikiwa kwamba sasa walijifanya watalii, wakapitia nchi ya tatu, au wakahonga ili wapitishwe uwanja wa ndege. Waliotendewa vibaya walisita kuufuata ubalozi wao, maana walikuwa wametoka kinyume cha amri yake. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2010 kwa Norwei, Denmaki na Uswisi, na mwaka 2012 kwa nchi nyingine za Ulaya. Miaka zaidi ya 10 ya kuwalinda kwa kuwafungia iliwafaidi zaidi waliokula hongo.

Ajabu ni kwamba Ufilipino inajua njia nyingine. Mwaka 2012 iliridhia Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa majumbani, na mwaka 2013 ikatunga sheria inayompa mtumishi wa ndani mkataba wa maandishi na kima cha chini cha mshahara. Nchini Marekani, ambako mpango wa au pair huruhusu hadi saa 45 kwa wiki, mahakama ya rufani iliamua Desemba 2019 kwamba sheria za mishahara za jimbo la Massachusetts zinawahusu pia vijana hao. Familia nyingi zilinung'unika kwamba gharama imepanda. Bila shaka ilipanda. Awali nafuu ya gharama ilikuwa ikitoka mfukoni mwa yaya.

Suala hili limeshafika Afrika Mashariki. Vijana wa Kenya husomea Kijerumani cha A1 jijini Nairobi na kuomba visa hiyohiyo, ambayo kwa muda mrefu imekuwa na posho ya euro 280 kwa mwezi na ukomo wa mwaka 1. Mwaka ukiisha, baadhi yao, sawa na wenzao wa Kifilipino, hujiunga na mafunzo ya uuguzi ya miaka 3 hukohuko Ujerumani. Huko hulisha, huogesha na kukesha na wagonjwa kwa mkataba wa ajira, wakiwa na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipwa zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato.