Je, Vifaa na Walimu wa Michezo Husaidia Kweli?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Saza)



Mkutano wetu una jambo la kuamua. Fedha za michango ya mwaka huu zimetengwa kwa ajili ya michezo ya shule. Wako wanaotaka tununue vifaa vya mazoezi vinavyotangazwa mijini, na wako wanaotaka tumlipie mwalimu mmoja kozi ya ukocha, kisha tusawazishe kiwanja. Sikuja kugombanisha pande hizo mbili. Nimekuja na ushahidi, nao nitautoa katika mchezo ambao pengine wengi wenu hamjapata kuuona kwa macho: mchezo wa gofu.

Najua mtacheka. Hapa Saza watu huchimba mashimo ya kutafuta dhahabu, si ya kutumbukizia mpira. Lakini gofu ni mchezo ambao vifaa vya mazoezi huuzwa kwa wingi sana. Ipo mikanda ya kufunga mikono ili ibaki imenyooka, zipo fimbo zilizoongezwa uzito, zipo fimbo zenye bawaba zinazokunjika mtu akizizungusha vibaya, na siku hizi zipo mashine za rada za kupima mwendo wa mpira. Mpira wa gofu umetulia chini, wala hakuna anayekukaba, na bado hauendi unakotaka. Ndiyo maana mchezaji aliyekata tamaa huwa tayari kununua chochote.

Mimi nilijifunzia Dar es Salaam, katika kiwanja cha Lugalo, kile cha mashimo 18 cha Jeshi letu la Wananchi. Aliyenifundisha alianza kwa kubeba fimbo za wachezaji, kama walivyoanza wacheza gofu wengi wa kulipwa katika Afrika Mashariki. Alinitazama nikipiga mipira kumi bila kusema neno. Kisha akachora mstari wa chokaa juu ya majani, akauondoa mpira, akaniambia: "Bosi, sahau mikono yako. Fimbo ing'oe majani mbele ya mstari, siyo nyuma." Kazi yetu ya wiki nzima ilikuwa hiyo. Kila pigo liliacha alama, na alama ile haikunibembeleza wala kunitukana.

Mwenzangu mmoja alikuwa amenunua mkanda wa mikono. Akiuvaa, mipira yake ilinyooka. Akiuvua, ilirudi vichakani. Aliamini kwamba hajauvaa kwa muda wa kutosha, akaendelea kuuvaa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1990, Carolee Winstein na Richard Schmidt wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya watu waliojifunza kusogeza mkono kwa namna maalumu. Kundi moja liliambiwa matokeo baada ya kila jaribio, na la pili liliambiwa nusu tu ya mara hizo. Walipopimwa baadaye bila kuambiwa chochote, waliosaidiwa kidogo ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Msaada usiokoma hugeuka kuwa mkongojo, na anayeutegemea hajifunzi kuhisi mwili wake mwenyewe.

Tena vifaa vingine huuza kanuni ambayo si lazima kwa kila mtu. Mmarekani Calvin Peete alivunjika kiwiko cha kushoto utotoni, na mkono ule haukunyooka tena. Alianza gofu akiwa na umri wa miaka 23, hali wenzake walianza wakiwa watoto. Alishinda mashindano 12 ya ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na kwa miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990, aliongoza wote kwa kupiga mpira wa kwanza ukatua mahali pake. Mkanda wa kunyoosha mkono ungemfaa nini mtu huyo?

Basi, je, tuseme mwalimu hushinda kifaa daima? Hapana. Mwalimu naye anaweza kuharibu kwa maneno mengi. Mwaka 1999, Gabriele Wulf na wenzake walifundisha wanagofu wapya. Kundi moja liliambiwa liangalie mwendo wa mikono, na jingine liangalie mwendo wa fimbo. Walioangalia fimbo walipiga vizuri zaidi, hata siku ya pili walipopimwa bila maelekezo. Kocha wangu wa Lugalo hakusoma utafiti ule, lakini mstari wake wa chokaa ulisema maneno yale yale.

Sasa tuje kwa majirani zetu wa Kenya. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama filamu za mabingwa katika mtandao. Mwaka 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Vijana hupenda sehemu hiyo ya habari. Sehemu wanayoiruka ni kwamba, baada ya kushinda michezo ya Afrika huko Maputo mwaka 2011, alikwenda Kuortane, Finland, akafundishwa na kocha Petteri Piironen. Filamu ilimwonyesha mkuki unavyorushwa na wengine. Kocha alimwona yeye anavyourusha.

Na huko Iten, mwaka 1976, alifika Colm O'Connell kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alitazama, akauliza, akabaki. Kutoka shule ile alitokea Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Na David Rudisha, aliyefundishwa na O'Connell, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 huko London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Jambo kubwa alilokuwa nalo mwalimu yule ni macho na miaka.

Ndugu zangu, watu wa Saza wanaijua mashine ya kutafutia dhahabu, ile inayolia juu ya chuma. Inasaidia, hapana shaka. Lakini hulia juu ya msumari pia, wala haishiki sururu. Kifaa cha michezo ni hivyo hivyo. Kabla ya kukinunua tukiulize: je, kinamwonyesha mwanafunzi ukweli wa alichofanya, au kinamfanyia kazi yake? Je, kikiondolewa, kitabaki nini mwilini mwake? Na je, yupo mtu wa kuisoma habari kinayoitoa?

Vingi vinavyojibu vizuri ni vya bei ndogo. Pakeni mpira majivu, na kiatu kitaonyesha ni wapi palipougusa. Chora mstari mbele ya shimo la kuruka, na nyayo zitasema. Saa moja ya kupimia mbio na futi kamba moja zinatosha kuanzia.

Kwa hiyo naunga mkono kozi ya mwalimu na kiwanja kwanza, na vifaa vichache baadaye, vichaguliwe na mwalimu huyo mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu mtoto akishindwa huku kifaa cha fedha nyingi kikiwa mkononi, watu husema hana kipaji, naye huamini. Mwaka unaofuata hajitokezi tena kwenye uchaguzi wa timu ya UMISSETA. Mwalimu anayeona huweza kumwambia, "Songa hatua moja nyuma, jaribu tena."

Nanyi vijana, msingoje fedha zetu. Mstari wa majivu mnaweza kuuchora jioni ya leo.