Anza na Dari, Ukuta Baadaye
Msikilizaji wa Machakos, kabla ya kuuliza ukuta uwe mnene kiasi gani, tazama juu. Mabati yasiyo na dari ndiyo yanayokuchoma mchana na kukugandisha usiku wa Julai. Anza na dari.

Kuta? Huku karibu na ikweta jua hupiga zaidi za mashariki na magharibi. Zipe kivuli, hata cha mwembe. Ukitaka paneli za povu jeupe (ndugu ya lile linalofungia televisheni mpya), Shirika la Kitaifa la Nyumba lina kiwanda chake Mavoko. Sentimita 5 za povu hilo huzuia joto zaidi kuliko mita nzima ya mawe. Sentimita 10? Kwa baridi yetu ya sweta moja, mimi singelipia.