Gari la Mnada na Pijo ya Marehemu Baba

(Mawaidha yaliyotolewa kabla ya futari mbele ya vijana na wazazi wa jumuiya)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Masheikh wangu, wazazi wangu, ndugu zangu vijana: nimepewa dakika kumi kabla ya adhana, na najua macho ya wengi yako kwenye tende. Nitajaribu nisiwacheleweshe.

Juzi baada ya tarawehe tulikaa barazani tukionyeshana picha za magari kwenye simu. Kijana mmoja akauliza, "Hivi mtu akinunua gari dola milioni 48, lina zaka au halina?" Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, manake kwetu nyumbani swali kama hilo lipo, ila gari letu halina hata betri.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Linaitwa Ferrari 250 GTO. Lilitengenezwa Italia kati ya mwaka 1962 na 1964, na yalitoka 36 tu. Lina injini ya silinda 12, lita 3, nguvu za farasi kiasi cha 300. Ni gari la mashindano ambalo tajiri aliweza pia kulipeleka barabarani. Likiwa jipya liliuzwa Marekani dola 18,000 hivi. Miaka michache baadaye yakaja magari yenye mbio zaidi, basi likawa kuukuu kama kuukuu nyingine. Liko moja lililopewa shule ya sekondari huko Texas. Mwaka 1972 shule ikaliuza dola 6,500, na aliyelinunua akaliacha juu ya trela kiwanjani miaka na miaka, jua lake mvua yake.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2014 moja katika hayo 36 liliuzwa mnadani California dola milioni 38. Agosti 2018, huko huko California, jengine likafika milioni 48.4. Kwa pesa zetu za wakati ule ni kama shilingi bilioni 4.8. Na hiyo si mwisho. Mei 2022 kampuni ya Mercedes-Benz iliuza gari lake la mwaka 1955, lililotengenezwa mawili tu duniani, kwa Euro milioni 135, zaidi ya shilingi bilioni 16. Tuwe waadilifu: kampuni ilisema pesa hizo zitaanzisha mfuko wa kusomesha vijana.

Chuma ni kile kile, kwa nini bei ipande hivyo? Idadi haiongezeki, na matajiri wa dunia wameongezeka. Kila gari lina nasaba yake: nambari ya chesisi, injini aliyozaliwa nayo, dereva aliyeliendesha, mbio lililoshinda. Bila nasaba bei huanguka. Halafu wengi wa wanunuzi walikuwa watoto waliobandika picha yake ukutani, na mtu mzima akipata pesa hununua utoto wake. Hapo simlaumu, mimi pia nina picha yangu. Wengine hununua kama watu wanavyonunua ploti, wakingoja ipande. Lakini hupanda na kushuka. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988 bei zilipaa, watu wakakopa benki ili wanunue. Miaka ya mwanzo ya tisini zikaporomoka, na waliokopa wakabaki na gari na deni.

Nirudi kwa swali la barazani. Mnada wenyewe ni halali katika sheria yetu. Kilichokatazwa ni najash, yaani mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua, amtie mwenzake mtegoni. Ama zaka, gari la kutumia mwenyewe halina zaka, liwe la milioni 48 au la laki 3. Hapo utaulizwa habari ya israfu na majivuno, nayo ni hesabu nyengine. Lakini ukilinunua kwa nia ya kuliuza upate faida, hiyo ni mali ya biashara. Mwaka ukitimia unalipigia bei ya sokoni unatoa asilimia 2.5. Kwa lile la 2018 ni dola milioni 1 na laki 2, kila mwaka, hata kama halijatoka gereji. Fikirini ni watoto wangapi watasoma.

Sasa letu. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia Peugeot 504. Nimeomba ruhusa ya mama na ya ami kabla ya kulisema hili mbele yenu. Ami anasema lisiuzwe: Pijo ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, zimebaki chache, tungoje miaka kumi tutakuwa matajiri. Nampenda ami yangu, na hana tamaa nalo. Maadamu baba ameacha watoto wa kiume, yeye si mrithi. Ni kwamba aliendeshwa ndani yake siku ya harusi yake. Lakini gari lililoshinda ni jengine. Letu lilibeba samaki.

Nilimuuliza ustadhi wangu kama lina zaka. Akaniambia kwa madhehebu yetu ya Shafi, kitu cha kurithi hakiwi mali ya biashara kwa nia tu, kwa hivyo halina. Nikafurahi. Kisha akaniuliza, "Baba yako aliacha deni?" Nikanyamaza.

Aliacha. Liko deni la duka la mtaani, unga na mafuta ya miezi mitano, na mwenye duka hajatudai hata siku moja, anamsalimia mama tu. Deni la maiti hutangulia kabla ya mirathi. Baadaye ndiyo thumni ya mama, na yangu na ya ndugu zangu, na fungu la dada yetu anayengoja karo ya chuo. Kila siku tunayosema "tungoje bei ipande", tunangojea kwa pesa za mwenye duka, naye hakuulizwa.

Jumamosi baada ya alfajiri fundi anakuja kulitazama. Ami ameniambia atakuja pia. Hakusema atakuja kufanya nini, ila jana nilimkuta anaipangusa dashibodi kwa kikoi chake.

Naona muadhini ameinuka. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.