Usiku Mtupu Nao Huandikwa: Kurekodi Nondo kwa Mtego wa Taa Majira ya Machipuko



Mtego wa taa hauna maajabu: taa juu, faneli chini yake, na sanduku lenye trei za mayai. Nondo hufuata mwanga, huteleza kwenye faneli, kisha hujibanza katika vishimo vya trei hadi asubuhi. Akishatambuliwa na kuhesabiwa, huachiwa kwenye majani yenye kivuli. Ugumu uko kwenye kuandika, hasa kuandika usiku ambao hakuingia hata mmoja. Hilo ndilo nililokuja kulitetea.

Nimechukua mfano wa Uingereza kwa sababu huko kumbukumbu hizi zimedumu. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, mjini Harpenden, C. B. Williams alianza kutega kwa taa mwaka 1933. Tangu 1968 mtandao wa mitego ya aina hiyo umeenea nchini, kila mmoja na balbu ya wati 200, ukiwashwa kila usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Ni kwa daftari hizo ripoti ya mwaka 2021 iliweza kusema kwamba wingi wa nondo wakubwa ulipungua kwa asilimia 33 kati ya 1968 na 2017. Kusini 39, kaskazini 22. Balbu hiyo haikamati wengi. Taa ya zebaki ya wati 125, inayopendwa na wanaotega bustanini, hujaza sanduku zaidi. Lakini anayebadilisha taa katikati ya safari hawezi tena kujua kama nondo ndio walioongezeka au ni mwanga.

Machi na Aprili, miezi ya machipuko huko, zina kishawishi chake. Baridi ikiuma, mtu hujiambia leo hakuna kitu, akaenda kulala. Akiwasha taa usiku wa joto tu, usiku wa mawingu usio na upepo, daftari lake litaonyesha neema ambayo haikuwapo. Na mwenzake akilisoma miaka 20 baadaye, hatakuwa na njia ya kugundua kosa hilo, maana usiku usioandikwa hauachi alama yoyote.

Tena baridi haimfungii kila nondo ndani. Orthosia gothica, mwenye alama nyeusi iliyopinda kwenye kila bawa la mbele, ana manyoya mazito kifuani. Ukimwinua na trei yake asubuhi ya baridi, haruki papo hapo. Hutetemesha mabawa kwanza, upesi kiasi kwamba kingo zake hazionekani vizuri, mpaka misuli ya kifua ipate joto, ndipo huondoka. Napenda kila anayejifunza kazi hii aone jambo hilo kwa macho yake kabla ya kukabidhiwa fomu ya kurekodi.

Sifuri pia ina maana zaidi ya moja. Jike wa nondo Alsophila aescularia hana mabawa. Hupanda shina la mti kwa miguu, kwa hiyo sanduku litakupa madume peke yao. Mwezi mpevu hupunguza mavuno. Maua ya mierebi nayo huwalisha nondo wa majira haya, na warekodi wazoefu huyaendea na tochi badala ya kutegemea taa pekee.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Mitego ya taa, na baadaye ya harufu ya jike, imetumika kutabiri viwavijeshi, ambao mama yao ni nondo Spodoptera exempta. Mtego unaweza kukaa bila kitu, kisha mvua ikanyesha na idadi ikaruka ghafla. Anayeandika siku za mavuno tu hawezi kumwonyesha bwana shamba kwamba idadi imeruka, kwa kuwa hajui ilikoanzia.

Napendekeza basi fomu yetu ianze na tarehe, aina ya taa, saa ya kuwasha na kuzima, joto, upepo, mawingu na mwezi. Majina ya nondo yafuate baada ya hapo, na pale ambapo hakuna jina, iandikwe 0, si mstari.