Bonasi ya Dereva Mgeni

Msikilizaji, kijana anayetaka kuendesha teksi ya mtandaoni jijini Nairobi akiona tangazo la bonasi ya kujiunga, asome kwanza masharti yake. Mara nyingi fedha hizo hazitolewi kwa kujisajili tu; lazima amalize idadi fulani ya safari ndani ya siku zilizowekwa. Tena kuna bonasi na kuna dhamana ya mapato. Tuseme umeahidiwa shilingi 40,000 kwa safari 100. Ikiwa ni dhamana, na safari hizo zimekuingizia 36,000, utaongezewa 4,000 pekee. Wengi hudhani ni 40,000 juu ya jasho lao, na machungu huanzia hapo.

Kisha kuna gharama: petroli, bima, na kwa wasio na gari, pesa za mwenye gari kila wiki. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni inayokatwa na kampuni ya teksi kuwa asilimia 18, lakini gharama hizo nyingine ni mzigo wa dereva. Nauli nazo hushuka. Julai 2016 Uber ilipunguza za Nairobi kwa takriban asilimia 35. Aliyekuwa na mkopo wa gari alibaki na marejesho yale yale.

Kwangu mimi, bonasi inamfaa mwenye gari tayari. Anayetaka kukopa gari kwa kuifuata, namsihi akae kwanza na dereva mkongwe, wapige hesabu ya mwezi wake wa nne kazini, bonasi ikiwa imeshaliwa.