Likizo ya Kutembea kwa Miguu Kisiwani Mfangano

Leo nazungumza na wewe mama, na wewe shangazi, nyanya au mlezi yeyote anayefikiria kuwapeleka watoto mahali tofauti likizo ya Agosti. Wengi wetu tunajua likizo ya kukaa mbele ya televisheni. Kuna nyingine isiyo na gharama kubwa: kulala mahali pamoja, na kila asubuhi kutoka kwa miguu, mkatembea, mkaona, mkarudi jioni kula na kulala.

Mahali ninapopapenda mimi kwa likizo ya namna hiyo ni kisiwa cha Mfangano, ndani ya Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Unafika Mbita, kisha unapanda boti. Huko ndiko nyumbani kwa Abasuba. Kuna vilima vya kupanda, na kuna michoro ya kale ya mviringo, myekundu na myeupe, kwenye miamba ya Mawanga na Kwitutu. Watoto huiangalia wakanyamaza kabisa, jambo ambalo si la kawaida kwa watoto. Pia yapo Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, ambako wanaweza kuelezwa michoro hiyo kabla ya kwenda kuiona.

Lakini mama, kisiwa ni kisiwa. Ukipatwa na jambo usiku, huwezi kusimamisha matatu. Kwa hivyo mipango ifanywe nyumbani, wala si baada ya kufika.

Tuanze na boti. Kila mtoto avae jaketi la kuelea majini, linalomtosha yeye, lililofungwa mbele. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 4 humvuka kichwani akianguka majini. Kama boti haina la kiasi chake, subiri nyingine. Ukiona watu wamejaa hadi ukingo wa boti unakaribia maji, shuka. Utachekwa kidogo, basi. Na wavuvi wakisema ziwa leo ni baya, liache hadi kesho. Weka siku moja ya ziada katika ratiba yako, usije ukalazimika kuvuka kwenye mawimbi kwa sababu tu shule inafunguliwa Jumatatu.

Sasa kutembea kwenyewe. Anayepanga urefu wa safari ni mtoto mdogo zaidi katika kundi. Siku ya kwanza msipande kilima. Tembeeni kando ya kijiji muda wa saa moja, uone nani analalamika kidole na nani viatu vinambana. Viatu viwe raba zilizokwisha kuzoeleka mguuni. Malapa hayafai kwenye mawe. Siku ya pili au ya tatu ndipo mwende Mawanga, na Kwitutu, ambako kuna kupanda zaidi, wabaki nayo wale wakubwa. Chukueni kijana wa hapo kisiwani awaongoze, mkubaliane malipo mapema. Yeye anajua njia, na pia anajua nyoka hupenda kukaa wapi. Mtu akiumwa na nyoka, usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba. Mtulize, mguu usitikisike, abebwe hadi kituo cha afya. Kwa hiyo siku ya kufika kwako ulizia kituo kiko wapi, na usiku kuna nani.

Tokeni alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hivi, muwe mmerudi au mmekaa kivulini kabla ya saa tano. Jua la ikweta halina huruma, na upepo wa ziwa hudanganya. Mtoto hahisi joto, kumbe anakauka. Mtu mzima abebe lita 2 za maji yaliyochemshwa, na kila mtoto wa shule chupa yake ya nusu lita. Wanyweshe kabla hawajaomba. Mtoto ambaye tangu asubuhi hajakojoa, au mkojo wake ni wa rangi ya chai, safari yake imekwisha siku hiyo. Beba pia pakiti chache za ORS. Akiharisha, changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe kidogo kidogo.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mmeshuka kilimani, jua liko utosini, watoto wamejaa jasho, na mbele yenu ni ziwa lenye maji mengi. Watakimbilia huko. Wazuie. Katika maji ya kando ya ziwa kuna kichocho. Konokono wadogo hutoa vijidudu ambavyo hupenya ngozi iliyo nzima, bila kidonda chochote. Na vijidudu hivyo hutoka kwa wingi wakati wa mchana wenye jua, yaani saa ile ile wasafiri wanapotaka kuoga. Usidhani asubuhi ni salama basi. Hakuna saa ya kuaminika. Maji ya ziwa ya kuoga yachemshwe yapoe, au yachotwe bila konokono na kukaa kwenye chombo siku 2 ndipo yatumiwe. Utasema, mbona watoto wa huko wanaogelea? Wanaogelea, na wengi wao huugua kichocho, ndiyo maana hupewa dawa shuleni. Tena kuna viboko na mamba. Kama mtoto amekwisha kuingia, usimchape. Ukirudi, mwambie daktari, naye atakupangia wakati wa kupima, kwa kuwa ukipima mapema mno huenda kisionekane.

La mwisho ni malaria, nalo lilinigusa mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 6 aliyezaliwa na kukulia Nairobi, alirudi kutoka ziwani akiwa mzima, akiimba. Siku ya kumi na moja akapata homa. Mama yake akasema ni uchovu. Akampeleka kliniki moja mjini, wakampa dawa ya kikohozi. Hakuna aliyeuliza mtoto ametoka wapi, na mama hakusema. Siku mbili baadaye alikuwa hawezi kuketi. Nilipopigiwa simu niliuliza swali moja tu: mlikuwa wapi mwezi huu? Alipimwa usiku ule ule, akalazwa siku tano. Alipona. Lakini mimi ni muuguzi, na najua tulikuwa karibu kiasi gani na habari nyingine.

Mtoto wa Nairobi au wa Nyeri hana kinga aliyonayo mtoto aliyekulia ukanda wa ziwa. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, katika maeneo ya magharibi, na huenda wako hakuipata. Hata aliyeipata bado anahitaji neti. Kwa hivyo wiki chache kabla ya safari pita kliniki uulize dawa ya kuzuia malaria inayomfaa kila mmoja, hasa kama wewe ni mjamzito au una mtoto mchanga. Beba neti zenu zenye dawa, usitegemee za mwenyeji. Jioni wavae mikono mirefu.

Na ukirudi nyumbani, chukua kalenda, tia alama siku mliyotoka kisiwani, uhesabu majuma manne. Homa yoyote ndani ya siku hizo, hata iwe ndogo, mtoto apimwe malaria siku hiyo hiyo, na wewe utamke mwenyewe: tulikuwa Mfangano. Homa ikija baada ya hapo, litamke pia.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu maziwa ya mama na kurudi kazini. Mimi nawatakia jioni njema, na wanaosafiri, salamu zangu kwa watu wa Mfangano. Kwaherini.