Uaminifu Katika Vyuo Vikuu: Maneno kwa Wadogo Zangu

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, kaka zangu mliotutangulia, na ninyi wadogo zangu mliobanana huko nyuma karibu na mlango wa jiko:

Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya uadilifu na kuzuia rushwa katika vyuo vikuu, kwa kuwa, aliandika, mimi ni mtumishi wa serikali na nimepata shahada. Nilikaa na barua hiyo wiki mbili bila kuijibu. Sikukosa la kusema. Afisa utumishi wa miaka mingi hakosi hotuba ya uadilifu. Tunazo kabatini, hubadilishwa tarehe tu. Lakini nilijua kwamba nikisimama katika bwalo hili, ambamo nilikula ugali na maharage kwa miaka sita, hotuba ya kabatini ingenikwama kooni. Basi naomba nianze na habari yangu mwenyewe.

Nilimaliza Kidato cha Sita hapa mwaka 2001. Mwaka uliofuata nikaingia Chuo Kikuu pamoja na mwenzangu mmoja tuliyelala naye bweni moja hapa tangu Kidato cha Kwanza. Sitamtaja jina. Ameniruhusu nisimulie, kwa sharti hilo.

Tulipokuwa mwaka wa pili, siku nne kabla ya mtihani wa mwisho, alikuja chumbani kwetu kijana mmoja wa darasa letu. Akafunga mlango. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha ikatoka karatasi ya mtihani wa somo lililotusumbua kuliko yote. Alisema ameipata kwa mtu aliye karibu na mahali mitihani inapochapwa. Bei ilikuwa shilingi 5,000 kwa kila mmoja. Tulikuwa wanane mle chumbani, kwa maana siku zile tulikuwa tunabebana, wenye vitanda na wasio na vitanda. Saba tulitoa fedha. Mwenzangu alivaa viatu, akachukua madesa yake, akatoka kwenda kudurusu chini ya taa ya barabarani.

Hakusema neno. Hakututukana wala hakwenda kutushtaki. Sisi tukamcheka, tukampa jina, ‘Baba Askofu’, likamganda mpaka mwisho wa mwaka.

Siku ya mtihani maswali yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule. Mimi nilipata alama ambayo sijawahi kuipata tena. Mwenzangu alipata sapu, na ya pili katika somo jingine. Mwezi Septemba akafaulu moja, nyingine ikamshinda, akatakiwa kurudia mwaka. Mwaka ule wa kurudia hakupata bumu. Baba yake, ambaye wengine mnamkumbuka maana alikuwa akija hapa kwa baiskeli siku za wazazi, aliuza ng’ombe wawili kati ya watatu aliokuwa nao. Mimi nikahitimu mwaka 2005 kwa daraja la pili la juu, nikaajiriwa.

Ndugu zangu, sikulala vibaya hata siku moja kwa jambo hili. Nasema hivyo kwa sababu katika hotuba za namna hii mtu husema dhamiri ilimsuta usiku kucha. Yangu haikunisuta. Nilijiambia kwamba karatasi ingenunuliwa hata bila mimi, kwamba somo lenyewe halina kazi maishani, na kwamba kila mtu alifanya. Lililoniamsha lilikuja baada ya miaka 12, nikiwa ofisini.

Mnakumbuka uhakiki wa vyeti. Sisi maafisa utumishi tulikusanya vyeti vya watumishi, Baraza la Mitihani likavilinganisha na kumbukumbu zake. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea taarifa ya kazi hiyo. Waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa watumishi 9,932. Na alikabidhiwa taarifa hiyo wapi? Katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliamuru waondolewe kazini mara moja.

Katika orodha yetu alikuwamo muuguzi mmoja. Alifanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini kwa cheti cha Kidato cha Nne cha dada yake. Alikuwa muuguzi hodari. Akina mama walisafiri kuja kwenye zamu yake. Mimi ndiye niliyempa barua. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaniuliza: “Na wewe, baba, vyako vyote ni vyako?”

Nikamjibu ndiyo. Na kweli, cheti changu hakina kasoro. Jina ni langu, namba ni yangu, mhuri ni halali. Hakuna mashine ya uhakiki itakayoikuta ile alama moja mle ndani niliyoinunua kwa shilingi 5,000. Simtetei yule mama. Sheria ilikuwa sheria, na kiti alichokalia kilikuwa cha mtu mwingine ambaye hatukumjua. (Mwaka 2022 serikali iliamua watu wa namna yake warudishiwe michango yao ya mfuko wa jamii waliyokatwa, na nilifurahi nilipoisikia habari hiyo.) Lakini jioni ile sikurudi nyumbani moja kwa moja.

Sasa niingie katika shabaha ya Katibu, maana rushwa ya chuoni si karatasi iliyovuja peke yake. Pengine hiyo ndiyo ndogo.

Wadogo zangu, mtihani wa chuo kikuu una kinga zake. Mwanafunzi huandika namba badala ya jina. Mtahini wa nje huletwa kuyapitia majibu. Kinga hizi si kamili, nami ni shahidi, lakini zipo. Sasa angalieni upande wa pili. Katika vyuo vyetu vingi mtihani wa mwisho huchukua alama 60 katika 100. Zile 40 zinatokana na kazi za muhula: majaribio, insha, mazoezi. Hapo namba haipo. Mwalimu anakujua jina, anakuona uso, anajua unakaa wapi. Halafu mwaka wa mwisho unakuja utafiti na tasnifu, na msimamizi ni mmoja, ofisini kwake, mlango umefungwa. Akikwambia sura ya tatu bado haijakaa sawa, njoo Jumamosi jioni, utamshtaki kwa nani? Sura ya tatu huenda kweli haijakaa sawa!

Ninasema katika shule ya wavulana, na najua huko nyuma kuna wanaotabasamu. Msitabasamu. Dada zenu watakwenda vyuo hivyo hivyo. Novemba 2018, siku maktaba mpya ya Mlimani ilipofunguliwa na Rais, mhadhiri mmoja mwanamke wa chuo hicho aliandika hadharani kwamba rushwa ya ngono ipo chuoni hapo na wasichana wanaumia. Mwaka uliofuata, Oktoba 2019, watangazaji wa BBC walionyesha filamu waliyoipiga kwa kificho katika Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana, wahadhiri wakiwataka wasichana kwa ahadi ya nafasi na upendeleo. Ugonjwa huu hauna mpaka wa nchi.

Sheria ya kwetu iko wazi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema ni kosa mwenye mamlaka kudai ngono au upendeleo mwingine ili atoe ajira, cheo, haki au nafasi. Mamlaka ya kutoa alama ni mamlaka. Mwaka 2024 ulipelekwa Bungeni muswada uliokuwa na kipengele cha kumtia hatiani pia yule anayeahidi au kutoa. Ukazuka ubishi mkubwa, watetezi wa wanawake wakisema hakuna msichana atakayethubutu tena kushitaki, na kipengele kikaondolewa. Mimi nilikuwa upande wao. Najua wapo wanafunzi wanaojipeleka wenyewe, tusidanganyane. Lakini mizani haiko sawa: mmoja ana kalamu nyekundu na mshahara, mwingine ana hofu ya kudisko na wazazi wanaosubiri kijijini.

Kaka zangu wazee hapa mbele watasema zamani haikuwa hivi. Mlikariri ahadi za mwana-TANU, na mojawapo ilikuwa ya kutopokea wala kutoa rushwa. Lakini Kikosi cha Kuzuia Rushwa kiliundwa mwaka 1975, katika enzi yenu hiyo hiyo. Nyumba isiyo na panya haifugi paka. Kikosi kikawa TAKURU mwaka 1991, kikawa TAKUKURU mwaka 2007. Katikati yake ikaja Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996, iliyowagawa wala rushwa katika mafungu mawili: wale ambao kipato chao hakiwatoshi, na wale wenye tamaa tu. Aliyeuza ile karatasi yetu nadhani alikuwa wa fungu la kwanza. Na sisi saba tulioinunua? Tulikuwa tumeshiba. Tulisomeshwa kwa fedha ya umma. Nimetafuta fungu letu katika mgawanyo huo, sikulipata.

Na siku hizi kuna biashara nyingine, safi kwa macho. Karibu na kila chuo utaona vibanda vya steshenari, na pamoja na kutoa nakala na kujalidi vitabu, viko vinavyoandika tasnifu nzima kwa bei ya kupatana. Sasa tena imekuja akili unde kwenye simu. Mwanafunzi anaiuliza swali jioni, asubuhi ana insha ya kurasa kumi ambayo hajaisoma. Sikatai vyombo. Lakini napokea vijana kazini kila mwaka wenye daraja la kwanza, nawaomba waandike dokezo la ukurasa mmoja kwa mkurugenzi, na wapo wanaoniomba waende nalo nyumbani. Ninaelewa wanakwenda nalo kwa nani.

Nifanyeje basi, mtauliza, mimi kijana wa Kidato cha Sita nitakayekwenda huko Oktoba? Kwanza, kila kazi uliyosahihishiwa itunze, na kila alama iandike kwenye daftari na tarehe yake. Rufaa isiyo na karatasi ni malalamiko tu. Pili, ukiitwa ofisini nje ya saa za kazi nenda na mwenzako, au omba muonane mahali penye watu. Mwalimu mwema hataona vibaya. Dada zenu waambieni hivyo hivyo. Ukidaiwa chochote, usinyamaze mpaka matokeo yatoke, maana ukisema baada ya kufeli utaonekana unatafuta kisingizio. TAKUKURU wana namba 113, haina malipo, na vyuo vingi vina klabu za wapinga rushwa. Najua klabu nyingine zinaishia kwenye fulana. Ingieni muzipe kazi.

Na wakubwa zangu mlio katika mabaraza na seneti za vyuo, maana nawaona wawili humu: alama za kazi za muhula zibandikwe kwa namba kabla ya mtihani, zisifichwe mpaka mwisho. Tasnifu iwe na wasimamizi wawili. Mambo haya hayahitaji fedha ya wafadhili wala semina ya siku tatu hotelini.

Nimalizie habari ya mwenzangu. Mwaka juzi nilisafiri mpaka mkoa anakofundisha, maana alihitimu mwaka mmoja baada yangu akawa mwalimu. Nilikusudia kumwomba radhi kwa ng’ombe wa baba yake, ingawa mzee amekwisha fariki. Tulikaa barazani kwake. Nilipofika mahali pa kusema, alinikatiza akasema hana kinyongo juu ya karatasi; mtihani ule angefeli hata mimi nisingeinunua, kwa sababu somo lilimshinda kweli. Kilichomuuma, alisema, ni kwamba usiku ule, alipokuwa chini ya taa, alitutazama dirishani mara tatu akitumaini kwamba mmoja wetu, hasa mimi niliyetoka naye shule moja, angetoka nje kumfuata. Hakutoka mtu.

Leo ni mwalimu wa hisabati. Ananiambia mitihani ya shule yake anaichapa mwenyewe usiku, na kuifungia katika sanduku la bati lililokuwa lake hapa bwenini. Wengine wenu mnalijua sanduku hilo. Lina herufi za rangi nyeupe ubavuni.

Ndugu Mwenyekiti, naona mpishi anachungulia. Nipo tayari kwa maswali, na ningependa ya kwanza yatoke huko nyuma.